"Mzee apimwe akili": uzi kuhusu dimenshia, UTI na siasa zetu za umri

Uzi. Shika chai, leo ni mrefu.

Kila msimu wa siasa kuna video ya aina moja huzunguka. Mwanasiasa wa umri mkubwa yuko jukwaani, anasalimia watu wa kaunti aliyokuwa jana badala ya aliyopo leo. Ama anasimama katikati ya sentensi akitafuta neno. Sekunde kumi na tano tu. Chini yake, maoni elfu moja: "Hiyo ni dimenshia." "Apimwe akili." "Aende nyumbani akacheze na wajukuu." Kabla jioni haijafika, upande wa pili umeshaleta video ya mzee wa upande ule mwingine, na mjadala unaishia hapo. Kila mtu ana mzee wake wa kutukana na mzee wake wa kutetea.

Kwa wale wapya: hapa hatutaji mtu wala chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta. Na mimi nasomea siasa, sisomei udaktari. Sehemu ya ugonjwa naiandika kwa sababu iliingia nyumbani kwetu kabla haijaingia kwenye uzi huu.

Ninachotaka kusema ni hiki: neno "kuchanganyikiwa" tunalitumia kwa vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja huja polepole kwa miaka. Kingine huja kwa siku mbili na mara nyingi kinatibika. Tukivichanganya nyumbani, mtu anaweza kufa. Tukivichanganya kwenye siasa, tunauliza swali lisilo sahihi kuhusu nani aongoze.

Nianze na nyumbani. Nyanya yangu ana miaka 78. Mwaka jana, siku ya Jumatano, tuliongea kwa simu akaniuliza mtihani uliendaje, akanikumbusha hata yule mhadhiri niliyekuwa namlalamikia. Ijumaa usiku hakuwa yeye. Alikuwa anaongea na dada yake aliyefariki zamani. Saa nane usiku anataka mlango ufunguliwe aende sokoni. Mchana analala kama mtoto, usiku macho yako wazi, anavutavuta blanketi kana kwamba anachambua mboga.

Mjomba akasema, "Ni umri huo, mama ameanza." Jirani akasema kuna mtu amemfanyia kitu. Zahanati ya kwanza walimpima presha, wakasema ni uzee, tukarudi nyumbani na vitamini. Bana, siku mbili nzima tulikaa tukizoea. Tulianza hata kupanga nani atahamia kwake.

Shangazi ndiye aliyeona. Yeye ndiye alikuwa anambadilisha nguo, na Jumapili akasema mama anaenda choo kila mara, mkojo unatoka kidogo kidogo, anashika tumbo chini ya kitovu akigugumia, na hajanywa maji ya maana tangu Alhamisi. Hospitali ya pili wakapima mkojo na damu, wakamwekea maji, wakampa antibiotiki. UTI. Siku ya tano akauliza nani amevuna maharagwe yake bila ruhusa.

Sasa tuingie kwenye maelezo.

Dimenshia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambapo kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa mtu kujifanyia mambo vinapungua hadi maisha ya kila siku yanaharibika. Magonjwa mengi yanaweza kuleta hali hiyo. Mkubwa wao ni Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Ulipewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka wa 1906 baada ya kuchunguza ubongo wa mgonjwa wake mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55. Angalia huo umri. Mgonjwa wa kwanza kabisa kuandikwa hakuwa hata mzee kwa sheria ya Kenya, ambayo inaanza kuhesabu uzee kwenye miaka 60.

Ndani ya ubongo, protini inayoitwa amiloidi hujikusanya nje ya seli kama taka kwenye mtaro, na nyingine inayoitwa tau hujisokota ndani ya seli zenyewe. Seli zinaacha kuwasiliana, halafu zinakufa. Lakini kinachonishangaza zaidi ni muda. Mkusanyiko huo huanza miaka 15, 20 au hata zaidi kabla mtu hajaanza kusahau. Maana yake ukiona mtu ana miaka 75 anarudia swali moja mara nne, jambo hilo lilianza akiwa kwenye hamsini, pengine akiwa kazini, akisimamia watu.

Kuna aina nyingine inayotokana na mishipa ya damu. Presha isiyotibiwa, sukari, viharusi vidogo ambavyo mtu hakuvitambua: kila kimoja kinanyima damu kipande cha ubongo. Hii inaweza kushuka kama ngazi. Mtu anakaa vizuri miezi kadhaa, kisha anashuka ghafla, anatulia, anashuka tena. Kuna pia ile ya miili ya Lewy, ambayo mtu anaweza kuwa sawa asubuhi na kupotea jioni, tena anaona watu ambao hawapo. Kwa hiyo hata dimenshia yenyewe haina sura moja unayoweza kuitambua kwa video ya sekunde kumi na tano.

Na si kila kusahau ni dimenshia. Kusahau mahali ulipoweka funguo ni kawaida. Kushika funguo na kutojua ni za nini, hapo pana shida. Kukosea jina la mji ukiwa na mikutano sita kwa siku na hujalala, hiyo inanipata mimi wiki ya mitihani na nina miaka 22.

Kitu ambacho wafuasi wa siasa mnafaa kukisoma mara mbili: mwaka wa 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Elimu ndogo utotoni, kutosikia vizuri, kutoona vizuri bila matibabu, presha, sukari, kolesteroli, unene, kutofanya mazoezi, sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu. Hebu soma hiyo orodha kama mtu wa siasa. Shule. Helmeti ya abiria wa bodaboda. Moshi wa jiko na wa matatu. Miwani. Mashine ya presha kwenye zahanati ya kijijini. Hiyo ni bajeti ya kaunti, si hatima.

Sasa UTI. Njia ya mkojo inaanzia kwenye figo, inapitia kibofu, inatokea nje kwa mrija. Mara nyingi mhusika ni bakteria anayeitwa E. koli, ambaye kikwetu ni mkazi wa utumbo mkubwa na huko hana shida na mtu. Shida ni akihama. Kwa mwanamke mrija ni mfupi, kama sentimita 4 tu, na mlango wake uko karibu na haja kubwa, kwa hiyo safari ni fupi. Baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, na wale bakteria wazuri waliokuwa wanalinda eneo hilo wanapungua. Ulinzi umeondoka getini.

Kwa mwanaume mzee, njia ni nyingine. Tezi dume inakua na kubana mrija, kibofu hakimaliziki. Mkojo unaobaki ndani ni kama maji yaliyotuama. Ongeza sukari kwenye damu, ongeza mpira wa mkojo aliowekewa hospitali ukasahaulika wiki tatu, ongeza kutokunywa maji. Wazee wengi hupunguza maji kwa makusudi ili wasisumbue watu usiku kwenda choo. Nyanya yangu alikiri hilo baadaye. Choo kiko nje, kuna giza, hataki kuamsha mtu.

Halafu kuna jambo ambalo linatudanganya wengi. Kijana akipata UTI anajua: mkojo unachoma, anakimbia kwa kemisti. Mzee anaweza asiwe na homa, asisikie kuchoma, ama asiseme. Dalili ya kwanza ambayo familia inaiona ni akili imeruka.

Kwa nini kibofu kisumbue kichwa? Mwili ukipigana na maambukizi hutoa kemikali za kinga ambazo husafiri kwenye damu na kuvuruga kazi ya ubongo. Ukiwa kijana una akiba, ubongo unavumilia. Ukiwa na miaka 80, au kama dimenshia imeshaanza kimyakimya, akiba ni ndogo. Fikiria simu yenye betri iliyochoka. Inafanya kazi vizuri tu, hadi ufungue programu moja nzito, inazima ikiwa na asilimia 40. Ongeza hapo ukosefu wa maji, usingizi uliovurugika na chakula kidogo.

Hali hiyo ya ghafla madaktari wanaiita deliriamu. Huanza kwa saa au siku chache, si miaka. Hupanda na kushuka: saa nne asubuhi anakutambua, saa moja jioni anakuita jina la babu yako. Kinachovunjika kwanza ni umakini. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, atapotelea njiani. Na si lazima apige kelele. Kuna wale wanaonyamaza, wanalala sana, wanajibu kwa neno moja, na familia inasema "angalau leo ametulia." Hao ndio hukosewa zaidi, kwa sababu hakuna anayelalamika.

UTI haileti dimenshia kama mbu anavyoleta malaria. Lakini hivi viwili hulishana. Mwenye dimenshia anasahau kunywa maji, anasahau kwenda choo, anakaa na daipa iliyolowa, hawezi kusema "nina maumivu hapa". UTI inapata nafasi. UTI ikija, inaleta deliriamu. Na deliriamu si mgeni anayeondoka bila kuacha alama. Wazee waliowahi kuipata wana hatari kubwa zaidi ya kupata dimenshia baadaye, na wale waliokuwa nayo tayari mara nyingi hushuka kwa kasi zaidi. Nyanya alirudi, ndiyo, lakini kwa wiki kadhaa jioni zilikuwa ngumu, na bado kuna majina ambayo sasa anayakaribia kwa kuzunguka. Daktari alituambia tumrudishe apimwe kumbukumbu akiwa mzima, si akiwa kwenye homa, kwa sababu kipimo cha siku ya ugonjwa hakisemi ukweli.

Hapa lazima niwakanye, maana najua kuna mtu ataruka kutoka huu uzi hadi kwa kemisti. Si kila kuchanganyikiwa ni UTI. Wazee wengi, hasa wanawake, wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa kabisa. Ukiwapima, karatasi itasema bakteria wapo. Ukiwapa antibiotiki kwa sababu ya karatasi tu, unaweza kuwaharisha bure, unafuga bakteria sugu, na mbaya zaidi unaacha kutafuta chanzo halisi. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, malaria, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu kuwa chini, damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka, kufunga choo siku nyingi, au zile dawa za mafua za kuleta usingizi ambazo tunawapa wazee kama peremende. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya maambukizi wa Marekani wa mwaka wa 2019 unasema wazi: mzee aliyechanganyikiwa mwenye bakteria kwenye mkojo lakini hana dalili za njia ya mkojo wala za maambukizi mwilini, kwanza achunguzwe sababu nyingine na aangaliwe kwa karibu, asikimbiziwe antibiotiki. Nyanya alikuwa na dalili. Ndiyo maana shangazi ndiye shujaa wa hadithi hii: alitazama, hakukisia.

Mabadiliko ya ghafla ni dharura. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Sasa turudi siasa.

Kwanza, wazee ambao hawana kamera. Hii aina ya mabadiliko ya ghafla, kuongea na wafu, kutembea usiku, kumtuhumu jirani kwa wizi, ikitokea Kilifi au Kisii inaweza kupewa jina lingine. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Kisii wakituhumiwa uchawi. Sijui miili yao ilikuwa na ugonjwa gani au kama ilikuwa nao, na sitajifanya. Nasema tu kwamba kijiji kisichojua neno deliriamu kina neno lingine tayari. Sheria yetu ya uchawi ni ya mwaka wa 1925. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia na serikali. Serikali, si shangazi peke yake. Kwa sasa mchango unaoonekana zaidi ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Anayetunza mzee mwenye dimenshia, toa hapo daipa, sabuni na nauli ya kliniki, uone kinachobaki.

Pili, wale wenye kamera. Watu huuliza, si kuna umri wa mwisho? Mtumishi wa umma kwa kawaida anastaafu akiwa na miaka 60. Jaji lazima aondoke akifika 70. Mbunge, gavana, Rais: Katiba haina umri wa juu. Unaweza kuona ni pengo, unaweza kuona ni demokrasia. Mimi nikiulizwa, naona umri ni kipimo kivivu. Kinamfukuza mtu wa miaka 76 mwenye akili kali na kumwacha wa miaka 58 ambaye amiloidi imeshaanza kazi yake.

Kinachopo ni Kifungu cha 144, na ajabu ni kwamba wanaopiga kelele za "apimwe" karibu hawakitaji. Mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote anaweza kuleta hoja ya kuchunguza uwezo wa Rais wa kimwili au kiakili wa kufanya kazi. Wengi wa wabunge wote wakiunga mkono, Spika anamjulisha Jaji Mkuu ndani ya siku 2. Jaji Mkuu ana siku 7 za kuunda jopo la watu watano: watatu madaktari, mmoja wakili wa Mahakama Kuu, mmoja anayeteuliwa na Rais mwenyewe. Jopo lina siku 14 kutoa ripoti. Likisema hawezi, Bunge linapiga kura tena, na bila wengi wa wabunge wote haondoki. Muda huo wote anaendelea na kazi.

Rudi sasa kwa nyanya yangu. Ijumaa asingepita kipimo chochote. Jumatano ya pili angekipita vizuri. Hizo siku 14 zinatosha mtu mwenye deliriamu kupona na kurudi ofisini, na ndivyo inavyofaa. Upande wa pili, mtu mwenye dimenshia ya mapema, msomi, mzoefu wa maikrofoni, anaweza kukaa na wageni nusu saa akatoa maneno yake ya miaka yote bila kuteleza, na wanaomjua hasa ni walio karibu naye, ambao kazi zao zinategemea asiondoke. Hapo ndipo wasiwasi wangu uko kuliko kwenye video. Video inaonyesha mtu amekosea neno. Haionyeshi nani alisaini barua wiki hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kuuliza mgombea wako kitu, uliza kama atatoa ripoti ya afya yake kabla ya kura, ya daktari asiyemlipa yeye. Wengine hapa mtasema ni siri ya mgonjwa, na mna hoja. Tutapigana kwenye majibu.

Kuna mtu aliuliza uzi uliopita kama mwenye dimenshia anaruhusiwa kupiga kura. Ndiyo, mradi hajatangazwa kisheria kuwa hana akili timamu, na kutangazwa huko si kazi ya karani wa kituo wala ya mtoto wake anayetaka kumshikia kalamu. Nina CAT kesho asubuhi, maswali ya Kifungu cha 144 yawekeni hapa chini, nitayafikia jioni.